Kamba Moja na Pembe Nne

Wazazi wa pwani hii ya Ziwa Victoria huniuliza mara nyingi, "Mwalimu, je, mwanangu atavua sangara kwa pembetatu?" Swali hili halina dharau, anunuaye madaftari ana haki ya kujua faida yake. Nami nalijibu kwa habari ya nyumba.

Mzee mmoja, jirani yangu hapa Mwanza, alitaka kujenga kwa fedha alizoziweka miaka mingi katika biashara ya dagaa. Akapigilia vigingi vinne: urefu mita 8 huku na huku, upana mita 6 huku na huku. Akasema, "Pande zielekeanazo ni sawa, basi tuchimbe." Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, akamwambia kwa adabu, "Baba, niwie radhi, tupime na ulalo." Wakavuta kamba toka pembe hata pembe. Ulalo mmoja ulikuwa sentimita 975, wa pili 1,025.

Sababu yake ni hii. Ulalo hukata msambamba kuwa pembetatu mbili. Kila moja ina upande wa mita 6, na wa mita 8, na ulalo wenyewe ni wa zote mbili. Pande tatu zikilingana, pembe nazo hulingana. Ndiyo maana pembe zielekeanazo ni sawa. Lakini pembe jirani hazina lazima ya kuwa sawa. Jumla yake tu ndiyo nyuzi 180. Za mzee zilikuwa kama 87 na 93, tofauti ambayo jicho haliioni, bali bati huiona.

Ikiwa nyalo mbili ni sawa, pembetatu mbili zenye upande mmoja wa mita 8 hulingana pia. Basi pembe jirani ni sawa, na nusu ya 180 ni 90. Hapo nyumba imenyoka. Kwa vipimo hivi kila ulalo huwa mita 10 kamili.

Wala elimu hii si ngeni kwetu: Euclid aliifundisha Iskandaria ya Misri, katika Afrika hii hii, yapata miaka 300 kabla ya Kristo.

Mzee alisogeza vigingi viwili kabla ya jembe kugusa ardhi. Nawe, ndugu msomaji, ukitaka kujenga, usiridhike na pande nne. Mwite mtoto wako, mvute kamba ya ulalo mara mbili.