Mario wa Nyundo

Jumanne, 18 Juni 2024

Baridi imenishinda. Nimefungua kibanda saa tatu na nusu, na hata hapo vidole vilikuwa havishiki bisibisi. Milima ya Mbizi haikuonekana hadi saa tano, ukungu ulikuwa umeimeza yote. Asubuhi nimepata simu mbili za kubadilisha kioo na redio moja iliyopigwa na umeme.

Mchana akaja mama mmoja, kitenge juu ya sweta, boksi la sabuni kichwani. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akasema ni vitu vya marehemu mzee. Wajukuu wamekuja likizo, wamelikuta boksi darini, sasa hawamwachi alale mpaka ajue kama vinawaka.

Nikafungua. Mashine ya gemu ya Kichina, ile ya kuchomeka kwenye TV. Pedi mbili, bunduki ya plastiki, na kaseti ya njano iliyopigwa chapa ya magemu 9999999. Pedi moja ina kovu la kuungua pembeni, na kovu hilo nalijua. Umeme ulikatika usiku, mzee akawasha mshumaa ahesabu sarafu zake, mmoja wetu akausukuma kwa kiwiko. Mwaka 2001, nikiwa darasa la tano, kibanda cha mzee ndicho kilikuwa dunia yetu.

Sikumwambia mama kwamba namfahamu. Nina sababu, nayo si ya kujivunia.

Alhamisi, 20 Juni

Ugonjwa umejulikana: regyuleta ya 7805 imekufa. Kazi yake ni kupokea volti tisa kutoka kwenye adapta na kutoa tano, na mtu aliwahi kuchomeka adapta isiyokuwa yake. Nimelehemu nyingine. Meno ya kaseti yalikuwa meusi, nimeyasugua kwa kifutio cha penseli na kuyapangusa kwa spiriti. Zamani tulikuwa tunayapuliza kwa mdomo na kuamini tunayatibu, kumbe mate yetu ndiyo yaliyokuwa yanaleta kutu.

Nimejaribu kwenye TV ile ya chogo ya inchi 14 ambayo mwenyewe ameikimbia tangu 2019. Kwanza chenga, kisha picha ikatulia na ule muziki ukaanza. Nilikaa chini.

Bunduki nayo inafanya kazi, ila kwa chogo tu. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kisichoonekana, halafu panatokea mraba mweupe pale bata alipo. Jicho la bunduki linatazama kama limeuona mwanga huo kwa wakati wake. TV bapa za siku hizi huchelewesha picha kidogo, basi bunduki inaona giza na bata anaruka akikucheka. Mpwa wangu, aliyeko likizo hapa, amejaribu kwenye TV ya nyumbani dakika ishirini na kulaumu bunduki.

Yeye ndiye aliyeona maandishi. Ndani ya kifuniko cha boksi kuna orodha ya kalamu ya bluu, mwandiko wa kulala, safi. Namba, kisha jina: Bata. Vifaru. Mario wa Nyundo. Pikipiki. Nyani wa Hesabu. Sarakasi. Majina arobaini na kitu. Mbele ya mawili, la Nyundo na la Nyani, pameandikwa neno moja: saa. Sijaelewa maana yake.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya misa tumeihesabu kaseti, mimi na mpwa, kikombe cha chai baada ya kikombe. Tumeshuka na menyu ukurasa kwa ukurasa. Magemu ya kweli ni arobaini na mawili. Mengine yote ni hayo hayo yaliyobadilishwa jina, au yanayokuanzishia hatua ya mbele, au yanayokuongezea uhai. Mpwa aliudhika kama aliyepunjwa sokoni. Mimi nilikuwa nacheka.

Nilimfungulia kaseti aone ndani. Anayetarajia chipu zilizopangwa atakuta tone jeusi la gundi ngumu, kama lami iliyodondoka barabarani. Chini ya tone ndimo mlimo kila kitu. Mario wa Nyundo mzima, na hatua zake 100, ni kilobaiti 40. Picha moja ambayo mpwa amepiga bodi ile kwa simu inalizidi mara nyingi sana. Ndiyo maana waliotengeneza kaseti hizi bila ruhusa ya mtu walichukua magemu ya miaka ya 1983 hadi 1986: yalikuwa madogo, yanaenea mengi mahali pamoja.

Na kwa kuenea huko wakatufanyia jambo ambalo nadhani hawakulikusudia. Kwenye menyu kila gemu lilipewa mstari mmoja. Hapakuwa na tangazo, wala bei tofauti, wala picha kwenye boksi. Lililouzwa duniani kote na lililomdodea mwenye duka yalisimama bega kwa bega kama watu kwenye foleni ya maji. Umaarufu tuliupanga wenyewe pale kwenye benchi.

Nimejiuliza tuliupangaje, na jibu ni aibu kidogo: kwa pesa. Mzee alitoza shilingi 50 kwa kufa mara tatu. Ukichagua Mario yule wa kukimbia, kama hujamzoea, mara tatu ni dakika mbili: umegonga uyoga, umetumbukia shimoni, kwisha. Ukichagua Mario wa Nyundo unapanda ngazi, unavunja kuta, unasimama, unafikiri. Hakuna saa inayokuhesabia pale juu ya skrini. Hamsini moja ilimfikisha mtu magharibi. Watoto wa mtaa mzima wa Majengo tulikuwa wabomoaji wa majengo.

Jumatano, 26 Juni

Mpwa amepata jina halisi la Mario wa Nyundo kwenye simu. Wrecking Crew, Nintendo, 1985. Miaka yote hii nimelibeba gemu hili mikononi bila kujua linaitwaje.

Nimesoma kwa nini ulimwengu umelisahau. Lilitoka Japani mwezi Juni mwaka ule. Mwezi Septemba, kampuni ile ile ikatoa Super Mario Bros., likauzwa zaidi ya nakala milioni 40. Nani angemkumbuka kaka mtu? Mario wa Juni haruki hata kidogo. Nyundo yake ni nzito. Mario wa Septemba anajulikana kwa kuruka tu. Watu wakashika wa kuruka.

Leo nimelicheza saa nzima na mikono ikakumbuka kabla ya kichwa. Spana zenye miguu zinazokufuata. Bilinganya zinazotembea, ambazo hadi leo sijui zilifuata nini kwenye jengo. Na yule jamaa anayepita nyuma ya ukuta na kugonga upande wake ili uanguke hadi chini. Sisi tulimwita Nyapara. Kumbe kweli ni nyapara, jina lake Spike, na kwenye filamu ya Mario ya 2023 wamemfufua kama bosi wa zamani wa Mario na mdogo wake. Tulipatia cheo chake bila kujua herufi moja ya Kiingereza.

Ila kilicholifanya gemu hili liwe gumu ni ngazi. Nyundo inavunja kuta, na inavunja ngazi pia. Ukivunja ngazi kabla ya kumaliza kuta za juu, hakuna adui anayekuua na hakuna njia ya kwenda. Umebaki pale unatembea kushoto na kulia. Lazima ujitoe mwenyewe na kupoteza uhai mmoja. Mzee alikuwa akisema kutoka mlangoni, bila hata kutazama skrini: "Ngazi mwisho! Ngazi mwisho!" Nilidhani ana macho kisogoni.

Kuna pia sehemu ya kuchora jengo lako mwenyewe. Japani walikuwa na kifaa cha kanda cha kuhifadhia. Sisi hatukuwa nacho. Tulichora, tukacheza, umeme ukakatika, jengo likaenda. Sidhani kama tuliwahi kulalamika. Tulichora lingine.

Jumamosi, 29 Juni

Mpwa anarudi kwao kesho, shule zinafunguliwa. Tumemalizia na Nyani wa Hesabu. Jina lake la kitabuni ni Donkey Kong Jr. Math, la 1983. Baba nyani ameshika kibao chenye namba juu. Wewe na mwenzako mnapanda minyororo, mnaokota tarakimu na alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, hadi mfike kwenye namba ile. Anayefika kwanza ndiye mshindi. Wanaoandika historia ya magemu hulicheka, wanasema nani alitaka hesabu kwenye burudani. Wangekuja Majengo. Kwetu ugomvi mkali kuliko wote ulikuwa pale, kwa sababu aliyeshindwa alikuwa ameshindwa mbele ya watu kujumlisha.

Mpwa yuko darasa la sita. Amenifunga mara saba kwa mbili.

Jioni alinionyesha mwingine wa ukoo huo aliyesahaulika, ambaye kaseti yetu haikuwa naye: Mario Is Missing!, la mwanzoni mwa miaka ya 1990. Limetengenezwa ili watoto wajifunze jiografia. Adui mkuu, Bowser, ana mpango wa kuyeyusha barafu ya Antaktika kwa mashine za kukaushia nywele, zile za saluni. Ili apate pesa za kuzinunua anawatuma kobe wake wakaibe vitu vya thamani duniani kote. Mario ametekwa, kwa hiyo ni mdogo wake Luigi anayezunguka mijini kuvirudisha. Na mji mmojawapo ni Nairobi! Luigi, kofia ya kijani, Nairobi, kwenye Super Nintendo, 1993. Sikujua kama hawa ndugu waliwahi kukanyaga upande wetu.

"Mjomba, mbona hakufika Sumbawanga?"

"Angefika kobe angesingiziwa uchawi." Wenyeji husema jina la mji wetu maana yake ni tupa uchawi, na Tanzania nzima inatutania kana kwamba hatujautupa.

Jumatano, 3 Julai

Nimekwenda upande wa Nkasi kufunga dishi. Kibanda kimya tangu mpwa aondoke, nikaona bora safari.

Njiani dereva wa bodaboda alisimama ajisaidie, nami nikajikuta natazama ilungu katikati ya shamba lililovunwa mahindi. Udongo mwekundu, refu kunizidi, limebomoka upande mmoja. Babu alinifundisha habari zake. Wazee wa Kifipa waliyeyusha chuma humo, na tanuru lilivuta upepo lenyewe kwa urefu wake, bila mivukuto. Wageni wanakuja kuyapiga picha.

Ila babu alikuwa akisema, ilungu peke yake halikukupa jembe. Chuma cha humo kilitoka na takataka. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto, kikasafishwa, ndipo mhunzi akakifua. Kintengwe lilikuwa fupi, rahisi kuvunjika na jembe la mkulima. Leo mtoto anaweza kukuonyesha ilungu. Kintengwe huna wa kukuonyesha, labda kwenye kitabu.

Nimeliwaza gemu la Juni na gemu la Septemba hadi nimefika nyumbani. Sitaki kulazimisha mfano, dishi na baridi vimenichosha. Ninaandika tu kwamba kubwa limebaki kwa sababu lilikuwa kubwa, si kwa sababu lilifanya kazi peke yake.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Mama amekuja baada ya misa kuchukua mzigo wake. Nikawasha aone.

Menyu ilipotokea hakuuliza chochote. Alivuta kigoda, akashika pedi yenye kovu, akashuka moja kwa moja hadi kwenye Nyundo. Akapita hatua ya kwanza. Ya pili. Hakugusa ngazi hata moja kabla ya wakati wake. Spana zilimfuata, akazishinda kwa kupanda na kushuka kama mtu anayepanga vyombo. Mimi nimesimama na kikombe mkononi.

"Mama, kumbe unacheza?"

"Mlipokwenda kulala tulifunga mlango, nikacheza mimi. Mzee hakuwahi kuliweza hata la bata."

Nikamwonyesha orodha ya kifuniko. Akasema mwandiko ni wake. Watoto walikuwa wanamsumbua mzee kuuliza waliyotaka ni namba ngapi, naye Kiingereza kilichoandikwa pale hakisomeki hata kwa Mwingereza. Akakaa usiku akayafungua moja moja na kuyapa majina.

"Na hili neno saa?"

Akacheka. "Nilicheza hilo la nyundo usiku mzima kwa kufa mara mbili. Asubuhi nikamwambia mzee, hawa watoto wanatula. Hili na la nyani toza kwa saa, dakika kumi hamsini. Na wakilalamika waambie ngazi mwisho, wamalize haraka, wasikae wamekwama wanakula umeme."

Kwa hiyo macho ya kisogoni yalikuwa ya mama. Naikumbuka siku ile bei ilipobadilika. Tuliomboleza.

Nikaandika hesabu mbele yake. Regyuleta 1,000. Kazi 8,000. Jumla 9,000. Akahesabu noti, akaniwekea mezani.

Ndipo nikasema. Kwamba mwaka 2001 nilikufa mara tatu kwenye kibanda chao, mzee akiwa ameinama kutafuta kiberiti cha mshumaa, nikatoka gizani bila kulipa, na sikurudi tena hadi sweta langu la shule lilipobadilika.

Aliniangalia kwa muda. Nilitegemea aseme yamepita, mwanangu.

Akanyoosha kiganja: "Basi nirudishie hamsini yangu."

Droo yangu haikuwa na sarafu hata moja. Nimevuka barabara hadi dukani kuitafuta.