Cherehani Katika Nchi ya Mume Wangu

Bwana Mhariri, walimu wenzangu huandika katika kurasa hizi habari za shule, za mashamba na za malezi ya watoto. Nami naomba nafasi niandike juu ya jambo ambalo sijaliona likiandikwa, ijapokuwa limo katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa, yaani kazi ya mikono ya mwanamke aliyeolewa nje ya nchi yake. Wako wake waliotoka Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wakawafuata waume zao huku, na wako wa huku waliokwenda kule. Habari za arusi zao huimbwa. Habari za riziki yao hazisemwi, nami naona hizo ndizo zenye mambo.

Kwetu ni Migori, nchi ya Kenya, karibu na mpaka, na huko nalisomesha katika shule ya msingi miaka 6. Mume wangu ni Msukuma wa Malampaka, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, naye pia ni mwalimu. Jinsi tulivyokutana si habari ya ukurasa huu. Twalivuka mpaka mwezi wa Januari mwaka 2016. Pale mpakani, upande wa kwetu huitwa Isebania na upande wa huku Sirari, nalibadili akiba yangu, na kila shilingi 1 ya Kenya ikazaa shilingi 20 na zaidi za Tanzania. Nikajiona tajiri. Utajiri huo ulidumu mpaka Lamadi, tuliposhuka kula, nikaona bei za vitu nazo zimezaa vivyo hivyo.

Malampaka ni stesheni katika njia ya reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Pande zote ni mashamba ya pamba, mtama, mahindi na majaruba ya mpunga. Cheti changu cha ualimu kilikaa sandukuni, maana mgeni hawezi kuajiriwa ila awe na kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Na hati ya mtegemezi, apewayo mke amfuataye mumewe, ni ya kukaa naye tu, haimpi ruhusa ya kazi wala ya biashara. Sheria hiyo haikutungwa kwa kunikusudia mimi, na Kenya nayo ina sheria zake kwa wageni. Lakini mtu aliyezoea kuamka saa 11 akaenda kazini, akikaa kitako siku 30, huanza kuhesabu nguzo za nyumba.

Mama yangu mzazi alikuwa fundi wa kushona, nami nalijifunza kwake tangu utoto. Tena mwaka ule ule wa 2016 serikali ya Tanzania ilianza elimu bila ada, toka shule ya msingi hata kidato cha 4, na watoto walifurika darasa la kwanza. Mume wangu alirudi nyumbani sauti imekauka. Ada ilikuwa imeondoka, lakini sare haikuondoka: kila mtoto sharti awe na shati jeupe, na kaptula au sketi ya bluu. Mama mkwe alipoona jinsi nilivyomshonea mjukuu wake, alimwita wifi yangu, aliyekuwa amemaliza shule na hana kazi, akatuambia, “Kazi hii iwe ya nyumba. Wewe ni mtoto wa hapa, utakuwa mwenyewe. Na wewe, mama, utamfundisha.” Basi cherehani ikanunuliwa kwa jina la wifi, ikawekwa ukumbini chini ya dirisha. Hata vilipotoka vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, mwezi wa Desemba mwaka 2018, vya shilingi 20,000 kwa watu ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka, aliyekichukua ni yeye.

Nalidhani shida itakuwa ushonaji. Ushonaji haukuwa na shida. Kilichonitoa jasho ni kalenda. Msomaji wa mjini huenda asilijue jambo hili, kwa hiyo nitalieleza kwa kituo. Shule hufunguliwa Januari, na sare hutakiwa Januari. Lakini pamba, ambayo ndiyo fedha ya Msukuma, hupandwa toka Novemba na huuzwa toka Mei. Kwa hiyo mzazi huhitaji shati mwezi ule ambao hana hata senti, ghala limepungua, na nguvu zake zote ziko shambani katika palizi. Mshonaji asemaye, “Leta fedha nikupe nguo,” atashona mashati 3 Januari nzima. Anayetaka kushona 60 sharti awe mkopeshaji. Anunue kitambaa Mwanza kwa fedha taslimu, kisha angoje miezi 4 au 5.

Na mgeni atamkopeshaje mtu asiyemjua baba yake? Hapo nalitambua ya kuwa duka letu halikuwa cherehani, bali kichwa cha mama mkwe. Yeye hakusoma, lakini alikuwa na daftari moyoni. Mteja alipoingia, aliamkiwa kwanza, “Mwangaluka,” kama ni asubuhi, au “Mwadila,” kama jua limepanda, wakaulizana habari za nyumba, za ng'ombe, za mvua, hata mimi niliyezoea mambo ya haraka ya kwetu nikaona siku inakwisha. Kumbe katika maamkizi yale mama mkwe alikuwa akipima. Mtu akiondoka, alisema, “Huyu atalipa Juni.” Au, “Huyu atalipa kwa kuku, usimdai fedha.” Au alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa jibu. Katika daftari langu la karatasi iko mistari mingi iliyofutwa kwa jogoo, kwa mchele, hata kwa debe la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa.

Tena nalijifunza kusema upya. Kwetu mtu huingia dukani akasema, “Nipatie uzi.” Hapa niliposema hivyo, mwenye duka alinitazama kama niliyemkanyaga mguu. Wifi akanifundisha kusema, “Naomba uzi,” ijapokuwa fedha iko mkononi. Neno hilo 1 lilinipatia wateja kuliko kola zangu zote.

Mwaka 2019 daftari zote mbili, ya moyoni na ya karatasi, zilishindwa. Bei ya pamba ilikuwa imetangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa miezi wamekabidhi pamba yao bila kulipwa. Mei ikapita, Juni ikapita. Wadeni wetu hawakukimbia, walipita njiani mchana, wakaamkia, wakasema, “Bado.” Nami sikuwa na la kuwajibu, maana niliiona pamba yao kwa macho yangu ikiwa imerundikwa. Ajabu yenyewe ni hii: mkoa wa Simiyu ndio utoao pamba nyingi kuliko mikoa yote ya Tanzania, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii ikiisha kuchambuliwa huuzwa nje ikiwa nyuzi bado haijawa nguo; nami nalikuwa nikipanda treni kwenda Mwanza kununua kitambaa kilichofumwa ng'ambo, ili nimvike mtoto wa mkulima wa pamba. Kitu cha hapa katika nguo zile kilikuwa chaki niliyochorea mapindo, maana vijana wa Maswa hutengeneza chaki, na mume wangu hakukosa kipande mfukoni.

Tulivuka mwaka ule kwa subira. Miaka iliyofuata kazi ilikua. Mwezi wa Juni mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli mpya ya kisasa toka Mwanza hata Isaka, njia ipitayo Malampaka, na wageni wengi wakafika na nguo zao za kazi zilizochanika. Tukaongeza cherehani ya pili.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Tarehe 28 Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za namna 15. Zimo biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni, usafi wa nyumba, uchimbaji mdogo wa madini, ununuzi wa mazao shambani. Na vimo viwanda vidogo na vidogo sana. Asiye raia akivunja amri, faini yake haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali chake hufutwa. Na raia amsaidiaye mgeni naye ana adhabu yake, shilingi milioni 5 au miezi 3.

Sisemi kwamba amri ile haikuwa na sababu. Wafanya biashara wa Kariakoo, mjini Dar es Salaam, walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba wageni wenye mitaji mikubwa wameshuka hata kwenye rejareja, wakiuza bidhaa ambazo wenyeji walitegemea kuziuza wao. Mtu mwenye haki atasikia kilio chao. Ila kwa hesabu ya serikali yenyewe, katika sera ya mwaka 2003, kazi yenye watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 huhesabiwa kuwa ndogo sana. Na ndani ya neno hilo anaingia tajiri aliyejigawa vipande, na anaingia mke wa mtu anayeshona ukumbini kwa mama mkwe. Amri haikuwatenganisha, nami sioni kwamba ni watu wa namna moja.

Mume wangu alitusomea habari ile jioni. Alipofika kwenye adhabu ya raia amsaidiaye mgeni, akapunguza sauti. Wifi hakusema neno. Aliinuka, akachukua kanga, akaifunika cherehani niliyozoea kuikalia. Sikumlaumu. Jina lililokuwa katika karatasi ni lake, na miaka yote ile hatukuwahi kuulizana, kazi hii ni ya nani? Yeye ana karatasi, mimi nina mikono, mama ana wateja. Nyumbani hilo halikuwa swali.

Mume wangu akaenda wilayani kuuliza. Akarudi na njia 1 iliyo nyoofu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. (Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania haimpi nafasi hiyo, nami nina jirani ambaye habari hii humuuma kila siku.) Lakini Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi 2. Kwetu Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, aliyezaliwa raia hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine. Huku sharti aukane ule wa kwanza.

Hapo ndipo pazito. Marehemu baba yangu aliniachia kipande cha shamba Migori, chenye migomba na kaburi lake. Katiba hiyo hiyo ya Kenya yasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kupanga, kwa muda usiozidi miaka 99. Basi nikiukana uraia, nitakuwa mpangaji kwenye kaburi la baba yangu. Nisipoukana, huku nitabaki mtegemezi, wala ardhi ya huku siwezi kuwa nayo kwa jina langu. Nalimpigia mama simu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Siku nitakapokufa, utakuja kunizika na hati ya mgeni?” Nikamwambia, “Mama, nitakuja kwa hati yo yote.” Akasema, “Haya, mwanangu. Uliza na ndugu zako.”

Niliwauliza. Shamba nimemwachia mdogo wangu wa kike, ili lisitoke katika watoto wa baba, naye amekubali kwamba migomba ya upande wa mashariki itaendelea kuitwa yangu. Fomu nimeijaza, nayo imekwenda. Majibu ya mambo haya hayaji haraka.

Kwa sasa wifi ndiye ashonaye. Amejifunza vyema mapindo na vifungo, lakini kola humshinda, huenda upande. Januari, watoto wamejaa uani na mama mkwe anawaamkia wazazi wao mmoja mmoja, mimi hukaa ndani nikiwasomesha wanangu. Kisha namsikia wifi akiita, “Wifi, hebu njoo utazame hapa.” Nami huenda nikatazama, nikamwambia, “Rudisha nyuma kidogo, upande wa kushoto.” Mikono yangu naiweka mgongoni.