Hirizi Isiyo na Dirisha

Alfajiri ya Juni mtaani Soweto, Mbeya, baridi inang'ata mpaka meno. Nilikuwa nanawa uso uani, shati wazi, mama mwenyeji wangu alipoiona hirizi shingoni: kipochi cha ngozi nyeusi, kimeshonwa pande zote, ndani mna aya zilizoandikwa kwa zafarani. Bibi yangu wa Tanga alinivisha nilipoanza safari za mbali.

"Ifiche, mwanangu. Kwenye basi watasema umebeba uchawi."

Sikumlaumu. Sheria ya Uchawi ya 1928 ingalipo, na inakataza kumiliki vifaa vya uchawi. Kipochi kilichoshonwa hakisemi kama kimebeba aya au ukucha wa fisi.

Watibeti walilimaliza tatizo hili kwa fundi. Kasha lao la safari, gau, ni kisanduku cha fedha au shaba, na aghalabu kina kidirisha mbele. Ndani huwekwa sanamu ndogo, sala zilizochapwa, kipande cha kitambaa kilichobarikiwa. Msafiri hulivaa kwa mkanda, watu wakiliona. Akirudi nyumbani huliweka mahali pa ibada. Yaani kinga yao huenda likizo! Yangu hata usingizini naivaa. Wanawake wa Oman nao walining'iniza hirizi za fedha vifuani kama pambo, nyingine zikifuliwa kwa riale za Maria Theresa zilizoyeyushwa. Ni sisi wa ngozi na uzi tunaojificha.

Basi la Iringa lilikuwa na rozari kwenye kioo cha dereva, na hiyo haikumshtua mtu. Kabla hatujaondoka akapanda mhubiri, akazikabidhi tairi na breki kwa damu ya Yesu, kisha akapitisha kofia. Nikaitika amina, nikatoa mia tano. Kijana wa siti ya pembeni aliitika kuliko wote.

Tukafika mlima wa Inyala, ambako malori yamewahi kukatika breki. Soga zikakoma. Yule kijana akaingiza mkono chini ya sweta, akashika kitu kiunoni. Mkono wangu ulikwishafika kifuani zamani. Tukatazamana, kila mmoja akageukia upande wake.

Makambako alininunulia hindi la kuchoma. Tulizungumzia bei ya mbolea mpaka Mafinga.