Saa Moja ya Mwana Mfalme

Kompyuta ya mteja haiondoki kwenye meza yangu kabla sijaichezea gemu. Wanaochungulia karakana yangu hapa Migori humwona mtu mwenye mvi akimrukisha kijana wa mavazi meupe juu ya mashimo na miiba, wakanong'onezana kwamba leo fundi hana kazi. Kazi ndiyo hiyo.

Gemu ninayoitumia zaidi ni Prince of Persia. Jordan Mechner aliitoa mwaka 1989 kwa kompyuta ya Apple II, na mwaka uliofuata ikaja ile ya DOS, ambayo ndiyo tunayoijua huku. Mchezaji hupewa dakika 60 za kumwokoa binti mfalme kutoka kwa waziri Jaffar. Saa moja hiyo inanitosha. Pawa saplai iliyochoka hujitaja ikishapata joto. Diski mbovu hukwama pale gemu inapovuta ngazi mpya. Kitufe cha Shift ndicho kinachomfanya kijana atembee kwa hadhari, ang'ang'anie ukingo asianguke, aokote upanga. Shift ikiwa imekufa, naye hufa, na mimi nimejua ugonjwa wa kibodi bila kushika mita. Programu za kupima mashine ninazo, ila hizo huuliza kiungo kimoja kimoja. Gemu huviita vyote kazini kwa pamoja.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaotunza mashine hizi husema wanaurudia utoto wao. Mimi siwezi kusema hivyo. Mwaka 1990 sikuwa nimeiona kompyuta kwa macho. Zilitufikia kwa wingi miaka ya 2000 ilipoanza: mitumba ya "ex-UK" iliyopitia maduka ya Nairobi, misaada ya makanisa, na zile zilizokarabatiwa na shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002. Gemu ya 1990 ilifika kwetu ikiwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, na ilikuwa mpya kabisa. Diski nyingine zilikuja hazijafutwa. Ungekuta barua za ofisi fulani ya Uingereza kuhusu mazulia, na kando yake folda ya gemu. Shuleni mwalimu alizifuta gemu hizo, wiki ikiisha zimerudi, kwenye flopi iliyotoka shule ya jirani.

Zilikuwa nakala za wizi, tusifichane. Na Mechner na wenzake walikuwa wametega mtego: baada ya ngazi ya kwanza unaingia chumba chenye chupa za dawa zenye herufi, unaambiwa unywe ile ya herufi iliyo kwenye ukurasa na mstari fulani wa kitabu cha maelezo. Kitabu chenyewe sisi tungekitoa wapi? Wanafunzi walikunywa, wakafa, wakaandika, wakanywa tena, mpaka kukawa na majibu nyuma ya daftari za hesabu. Kisha mtu akaja na habari kwamba ukianzisha gemu kwa kuandika "prince megahit" milango mingi inafunguka. Neno hilo lilisambaa kutoka Rongo hadi Mbita kabla intaneti haijatufikia, na sijui mpaka leo lilipitia kwa nani.

Solitaire ni hadithi nyingine, na kwangu ndiyo gemu iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Iliandikwa na Wes Cherry akiwa kijana wa mafunzo ya kazi Microsoft, karata zikachorwa na Susan Kare, ikatoka na Windows 3.0 mwaka 1990. Nimewafundisha makarani wa Homa Bay kompyuta, watu waliopiga taipu maisha yao yote, vidole vyepesi lakini kipanya kinawatoa jasho. Sikuwafundisha kwa barua. Niliwafungulia karata.

"Mzee, bonyeza, usiachilie, sasa vuta."

"Nyathina, mwanangu, hii panya yako ni mkaidi."

"Si mkaidi, Mzee. Umeiachilia mapema."

Saba nyekundu ilipotua juu ya nane nyeusi, karani huyo mzee alicheka peke yake. Ukishaweza kuvuta karata unaweza kuvuta faili, na hakuna faili inayomvutia mtu mzima kama karata. Kitufe cha kulia cha kipanya walijifunza kwa Minesweeper. Mkubwa wao alipiga marufuku gemu ofisini baadaye, na alikuwa na haki yake, maana watu walikuwa wanapanga foleni dirishani huku karani akitafuta mahali pa kuweka mfalme wa shupaza.

Vijana huniuliza: kwa nini ujisumbue na dude zito wakati DOSBox ipo, tena ya bure, na laptopu yoyote inaigiza mashine ya zamani? DOSBox ninayo, na kwa anayetaka kucheza tu sina ubishi naye. Lakini gemu za awali ziliandikwa kwa kuitegemea kasi ya mashine yenyewe. Digger ya mwaka 1983 ilitungwa kwa prosesa ya megahezi 4.77, iweke kwenye mashine ya kasi, umekufa kabla hujageuza kona. Ndiyo maana kompyuta za 386 na 486 zilikuja na kitufe cha "turbo", ambacho licha ya jina lake tulikitumia kuzipunguza mwendo. Alley Cat ya 1984, ambayo mtungaji wake Bill Williams aliisikiliza saa ya kompyuta badala ya mbio za prosesa, bado inakwenda sawasawa. Na programu nyingi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zilipokutana na Pentium za megahezi 200 hivi zilianguka mlangoni zikisema "Runtime error 200". Kasi mpya ilikuwa imeharibu hesabu ya kugawanya iliyokuwa ikipima mwendo wa mashine. Mambo hayo niliyafahamu kwa sababu kitu kilikataa kucheza na mimi nilitaka kicheze. Darasani nisingeyatafuta.

Sasa, kutunza mashine hizi kando ya ziwa ni vita. Homa Bay kuna sami, wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopanda angani kama moshi. Usiku hufuata mwanga, na skrini ya kioo ni mwanga. Asubuhi unawakuta ndani ya mlango wa flopi, juu ya feni, chini ya vitufe, wamekauka. Mimi hufunika kila kitu kwa chandarua kilichochakaa, na giza likiingia sichezi dirisha likiwa wazi. Radi ni mbaya zaidi, maana bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mawingu yakijikusanya mimi huchomoa plagi ukutani na waya wa simu pia. Modemu nyingi zilizikwa kwa kusahau huo wa pili. Kisha kuna mashine za msaada kutoka Marekani, zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 upande mmoja, 230 upande wa pili. Stima yetu ni volti 240. Ukisikia mlipuko kutoka maabara ya shule siku ya kufungua msaada, ujue hakuna aliyegeuza swichi. Siku hizi, nikiitwa, hilo ndilo neno langu la kwanza kwenye simu, hata kabla ya salamu kuisha.

Adui ninayemwogopa kuliko hao ni dhahabu. Migori ni nchi ya dhahabu. Kuanzia Macalder na Nyatike yote watu wanachimba, wanasaga mawe na kukamata vumbi la dhahabu kwa zebaki. Habari ilipoenea kwamba ndani ya kompyuta mna dhahabu, ikawa balaa, kwa sababu ni kweli: prosesa za kauri za 386 na 486 na meno ya kadi za zamani zina dhahabu nyingi kuliko za leo. Mashine iliyoishi zaidi ya miaka thelathini inapondwa kwa nyundo kwa kitu kisichojaza kucha, na plastiki iliyobaki inachomwa hapohapo, moshi wake unavutwa na watoto. Mwanzoni mwa 2022, serikali iliposimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, nilipata nafasi ya kuyafikia makasha kabla ya wanunuzi wa vyuma na mizani yao. Sasa nashindana nao kwa bei, na mara nyingi nashindwa.

Wanaokuja kucheza kwangu siku hizi ni watoto waliokulia kwenye simu. Wanashangaa kwamba Prince haihifadhi kila hatua, ukifa unaanza ngazi upya na dakika zinazidi kupungua. Wengine huondoka. Binti mmoja wa kidato cha tatu alibaki, na sasa anauliza maswali ya IRQ na kadi ya sauti ya Sound Blaster ambayo yananirudisha kwenye vitabu. Nimemruhusu afungue kasha lolote isipokuwa skrini ya kioo, maana hiyo hushikilia umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Kazi yake ya kwanza ni ile ninayomwagiza kila mwenye mashine kuukuu chini ya kitanda au stoo ya shule. Usiiwashe. Fungua kasha, tafuta kwenye mazabodi pipa dogo la betri, mara nyingi la buluu, likate ulitoe. Betri hizo huvuja na maji yake hutafuna nyaya za shaba za bodi. Sugua palipooza kwa mswaki wenye siki kidogo, suuza kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Baada ya hapo iletwe, swichi nyekundu ikiwa kwenye 230.