Kuchagua Baiskeli ya Milimani

Baiskeli ni msaidizi mwaminifu wa mtu asiye na gari, lakini msaidizi asiyechaguliwa kwa akili hugeuka mzigo. Kwetu Kebirigo, katika vilima vya Nyamira, neno hili ni kweli mara mbili. Njia hupanda na kushuka baina ya chai na migomba. Mvua ni nyingi, na udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni.

Wazee wetu walitumia baiskeli nyeusi za Raleigh kutoka Uingereza, na baadaye Hero kutoka India. Zilibeba mizigo kwa uvumilivu, lakini zilikuwa nzito na gia yake moja. Penye mlima mwenyewe alishuka akazisukuma. Baiskeli ya milimani ilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, mikononi mwa vijana walioteremka vilima kwa baiskeli kuukuu walizozitengeneza wenyewe. Asili yake, basi, si utajiri.

Nilipotaka yangu, fedha zilitoka katika bonasi ya chai, ambayo hulipwa mara moja kwa mwaka, na karo ya mdogo wangu ilingojea fungu lile lile. Sikuwa na haki ya kununua urembo. Muuzaji wa mitumba alinionyesha mbili. Moja iling'aa, ina springi mbele na nyuma. Nyingine ilichujuka rangi, ina springi mbele tu, na bei yake ilipungua kidogo. Niliichukua hii ya pili kwa sababu zifuatazo.

Springi ya nyuma huongeza uzito na maungio. Ikiwa ya bei ndogo hulegea upesi, na vipuri vyake ni adimu kwa mafundi wa sokoni. Tena hunywa nguvu za mpandaji kila akanyagapo. Nyuma ikiwa kavu, jasho lote huenda kwenye gurudumu. Kisha niliichungua fremu, hasa penye viungo vilivyochomelewa, maana ufa hujificha chini ya rangi. Nilizungusha magurudumu nione kama yanayumba. Niliitia kati ya miguu, nyayo chini, nikapata nafasi juu ya bomba la fremu. Breki nilizipima mwisho, nikazipa heshima ya kwanza. Zilikuwa za waya, ambazo fundi wa kijijini huziweza, na tofauti ya bei ilizinunulia mipira mipya. Karo haikuguswa.

Msomaji kijana, anayepanda mlima huomba gia, bali anayeteremka huomba uhai. Rangi husifiwa siku ya kununua. Chuma husifiwa siku zote zinazofuata.