Watoto wa Luano kwa Fundi wa Shaba

Watoto wawili wa Luano walikwenda mjini Lubumbashi pamoja na mjomba wao. Toka mbali waliona dohani ndefu ya kiwanda. Pale ndipo tanuru kubwa la shaba lilipoanza kazi mwaka 1911.

Katika nyumba ya makumbusho waliona misalaba ya shaba. Mdogo akapiga magoti. Mjomba akacheka:

"Simama, mwanangu! Hii si misalaba ya kanisa. Ni fedha ya wazee wa kale. Wengine walizikwa nayo."

Halafu wakaenda kwa fundi. Alikuwa akigonga bamba la shaba kwa nyundo, polepole, ili liwe sahani. Shaba ina tabia yake. Ukiigonga sana inakuwa ngumu, na mwisho inapasuka. Kwa hiyo fundi huirudisha motoni mpaka iwe nyekundu. Ikipoa, imekuwa laini tena. Ndipo nyundo inaanza upya.

Karibu naye kijana, mwanafunzi wake, aligonga sahani ya pili. Alitaka kumaliza kabla ya jua kushuka, asiirudishe motoni. Ta! Ukingo ukapasuka hadi katikati. Kazi ya siku mbili! Kijana akainamisha kichwa. Watoto wakanyamaza, wakingoja kofi.

Fundi akaishika sahani, akaigeuza-geuza. Akatwaa mkasi wa chuma, akakata upande uliopasuka, akamrudishia kijana kipande kilichobaki.

"Utatoka upawa," akasema. "Chochea moto."