SAA FEKI, SAA YA KUIGA NA PUMZI ZA MTOTO (Sehemu ya 4)

Tangu posti ya juzi kuhusu vifaa vya mfukoni, swali limekuwa moja tu: "Dada nesi, zile Rolex za bei chee mtaani zinafaa kazini?" Leo najibu.

Kwanza tutenganishe. Saa feki imeandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza. Huo ni uongo, basi. Saa ya kuiga imefuata umbo la saa maarufu ya zamani, lakini jina lililoandikwa ni la mwenyewe aliyeitengeneza. Mfano, Rolex Submariner ya wapiga mbizi ilianza miaka ya 1950. Invicta wana Pro Diver yao, kwa mbali utadhani ni ile ile, ila jina ni lao. Hapo hujadanganywa. Ni kama fundi kukushonea gauni kwa mtindo uliouona harusini.

Na kwa nini watu waige za zamani? Bei, jamani! Mwaka 2017 Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Sisi wa zamu ya usiku tutazame tu.

Halafu za zamani zina jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Nyingi zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Miaka ya 1910 na 1920 huko Marekani, mabinti waliokuwa wakipaka rangi hiyo walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi wakaoza mataya, wengine wakafa. Radiamu huchukua miaka kama 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo hata saa iliyoacha kung'aa bado inayo. Usiifungue nyumbani. Saa mpya ya kuiga yenye rangi ile ya kizee ni rangi tu, haina radiamu.

Sasa kazini. Saa ghali si lazima iwe sahihi zaidi. Saa ya Uswisi isiyotumia betri, yenye cheti cha usahihi, inaruhusiwa kuwahi sekunde 6 au kuchelewa 4 kwa siku. Saa ya kawaida ya betri hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima! Tatizo la feki ni kwamba hujui ndani kumewekwa nini. Nyingine visaa vyake vidogo vimechorwa tu, na mshale wa sekunde unakwama au unaruka.

Mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5 mwenye kikohozi, akifikisha pumzi 40 kwa dakika, anapumua haraka, fikiria nimonia. Tuseme anapumua mara 42. Saa yako ikikimbia, "dakika" yake ikawa sekunde 55, utahesabu 38. Utaandika kawaida, mama atarudi naye nyumbani. Mnaona?

Kwa hiyo, iwe ya elfu kumi au ya kuiga, ipime kwanza. Iweke kando ya simu, washa kipima muda, angalia dakika 3 mfululizo. Mshale ukikwama hata mara moja, hiyo ni ya harusini, si ya wodini.

Sehemu ya 5 ni viatu vya zamu ya usiku. Kazi njema, wapendwa.